Siku Niliyojifanya Mwanafunzi wa Darasa Langu

Kama hukunisoma juma lililopita, usihangaike kutafuta gazeti lililofungiwa vitu sokoni. Nitakusogeza kwa ufupi, halafu twende.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Shemeji yangu, mume wa dada, aliona tangazo mtandaoni: walimu wa Kiingereza wanatakiwa, miezi sita, nchi ya jirani. Nikaomba likizo isiyo na malipo, nikafunga sanduku. Nchi yenyewe wanaongea Kiswahili kama sisi, ndiyo maana nilijiona nimehama mtaa tu. Kumbe kati ya mtaa huo na wetu kuna mpaka, na mpakani kuna dirisha, na dirishani kuna mtu anayekuuliza umekuja kufanya nini.

Nikasema nimekuja kutembea. Ndivyo Mkurugenzi wa chuo alivyoniagiza kwa simu. "Ingia na viza ya matembezi, mpenzi. Kibali cha kazi tutakutafutia ukiwa hapa hapa." Nilipofika akaichukua pasi yangu ili ipelekwe Uhamiaji, na sikuiona tena. Kila nikiuliza, kibali kiko njiani. Kingekuwa kinakuja kwa magoti kingekuwa kimeshafika.

Juma lililopita niliwaachia pale simu ilipoita. Alikuwa mkuu wa shule moja ya bweni ya nchi hiyo hiyo, niliyempelekea maombi kimyakimya.

"Nafasi ipo muhula ujao," aliniambia. "Kibali nitakuombea mimi, kwa jina la shule. Lakini ni lazima kiombwe ukiwa kwenu, si ukiwa humu ndani. Toka kabla viza yako haijaisha, na utoke safi. Wakikukamata unafanya kazi, hata mara moja tu, jina lako litakaa kwenye kompyuta zao na mimi sitakuwa na msaada."

Viza yangu ilikuwa inaisha Ijumaa. Siku ninayowasimulia leo ni Jumatano. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuipata pasi yangu na kuvuka mpaka nikiwa na jina safi.

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi. Mama huyu ana sauti laini sana. Anaweza kukunyima kitu ukatoka unashukuru.

"Mama, naomba pasi yangu."

"Shikamoo imekwenda wapi, mpenzi?"

"Shikamoo. Naomba pasi yangu."

"Marahaba. Pasi yako iko mahali salama."

"Salama kwa nani?"

Akacheka. Akapanga kalamu zake mezani, moja moja, zote zikitazama upande mmoja.

"Wanafunzi wako wana mtihani Jumatatu. Ukiondoka leo, nani atawamalizia? Wale watu wazima, wamekuzoea. Utaweza kuwafanyia hivyo?"

Alikuwa amenishika pabaya, na alijua. Wanafunzi wangu niliwapenda, sitawaficha. Walikuwa watu wazima wa shughuli zao, wakija darasani na uchovu wa kutwa. Alikuwapo dereva wa lori, alikuwapo muuza simu, alikuwapo muuguzi. Na alikuwapo Bibi wa Cherehani.

Bibi huyu ni fundi nguo. Mwanawe alihamia mbali, akaoa huko, akazaa huko, na mjukuu hajui Kiswahili. Wakipigiana simu, mtoto anaongea, bibi anacheka, basi. "Namchekea tu kama mwendawazimu, Mwalimu," aliniambia siku ya kwanza. "Nataka hata nimgombeze." Lakini aliogopa kusoma kwa sauti. Nikimsimamisha, anasoma mstari mmoja, sauti inakauka, anakaa. Nilikuwa nimemvumilia hivyo tangu nimefika.

"Nitawaachia kazi za kufanya," nilimwambia Mkurugenzi. "Kesho nataka kuwa mpakani."

"Basi leo jioni, ukimaliza vipindi, njoo uichukue."

Sikumwamini, lakini ningefanya nini? Nikatoka ofisini kwake mikono mitupu. Koridoni nilipishana na Mzee wa Sarufi amebeba chaki.

Huyu naye nimtambulishe, maana bila yeye hadithi ya leo haina miguu. Ni mwalimu mwenzangu, mgeni kama mimi, ametoka nchi nyingine kabisa, mstaafu. Tulimwita hivyo kwa sababu akianza somo la sarufi hata kengele haimkatizi. Nilipougua homa mwezi wa kwanza, ndiye aliyekuja na dawa na chupa ya chai, akakaa kwenye kiti karibu na mlango akinisomea gazeti mpaka jasho likanitoka. Ananiita mwanangu, nami nilikuwa nimeanza kumwona baba.

"Umeipata?" aliniuliza.

"Ameniambia jioni."

"Mwanangu, na mimi nimeahidiwa. Kibali changu kinatoka wiki hii."

"Mzee, wiki hii ile ile ya mwaka jana?"

"Safari hii ni kweli." Akapangusa chaki kwenye koti. "Kule kwetu sina pa kurudia. Nyumba waligawana watoto nikiwa huku. Hapa pakinishinda, basi tena."

Pasi yake nayo ilikuwa pamoja na yangu kwenye droo moja ya Mkurugenzi. Tulikuwa tunajua sote wawili, ila lilikuwa jambo ambalo mtu halisemi kwa sauti.

Sasa sikilizeni jinsi chuo kile kilivyokuwa kikiendeshwa, maana mkisikia mtadhani nawatania. Wakaguzi wa Uhamiaji wakija, mlinzi anapiga kengele ya mapumziko wakati si wa mapumziko. Kengele hiyo ikilia, mimi na Mzee tunaacha kuwa walimu. Darasa lake linaletwa kwangu, sisi tunakaa madawatini kama wanafunzi, na Mpwa wa Mkurugenzi, mwenye kitambulisho cha nchi, anasimama ubaoni. Kazi ya Mpwa ni kupokea ada. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu.

Tulikuwa tumefanyishwa mazoezi. Mzee wa Sarufi alikuwa bingwa. Akikaa dawatini anaachia mdomo wazi kidogo, anakuna kisogo, anatazama ubao kama mtu anayetazama saa iliyosimama. Tulikuwa tukimcheka mpaka machozi yanatutoka.

Jumatano ile kengele ililia kipindi kikiwa katikati.

Nilikuwa na chaki mkononi. Wanafunzi walinitazama, nami niliwatazama. Halafu mlango ukafunguka, darasa la Mzee likamiminika ndani na viti vyao, Mpwa akaingia anafunga kifungo cha shati. Akaninyang'anya chaki.

"Kaa, dada, kaa. Wako getini."

Nikakaa dawati la nyuma, pembeni ya Bibi wa Cherehani. Mzee alikaa mbele yangu. Bibi akanisukumia kitabu chake bila kunitazama, tukashirikiana kama watoto wa darasa la kwanza.

Waliingia wawili. Mmoja mwanamume mnene, akabaki mlangoni. Wa pili mwanamke, mrefu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Yeye ndiye alikuwa mkubwa.

"Endelea, Mwalimu," akamwambia Mpwa.

Mpwa akaugeukia ubao. "Leo," akasema, "tunasoma Kiingereza."

"Hilo nimeliona kwenye kibao cha nje."

"Kwa hiyo, wote kwa pamoja, tuimbe herufi."

Wanafunzi wangu, watu na watoto wao, watu wenye mvi, wakaanza kuimba herufi. Dereva wa lori aliimba kwa sauti nzito, amekunja uso. Walikuwa wakiniokoa, na waliimba kwa bidii ya kuniokoa. Nikaimba nao. Mzee alikosea herufi ya tatu makusudi na akajirekebisha. Bingwa ni bingwa.

"Hawa wanaimba herufi?" afisa akauliza.

"Ni marudio, afande. Tunapenda kurudia."

Afisa akavaa miwani, akaanza kutembea kati ya madawati. Akampita muuguzi, akampita Mzee. Akasimama kwangu.

"Wewe. Unasoma hapa?"

"Ndiyo, afande."

"Umeanza lini?"

"Si siku nyingi."

"Unajifunzia nini?"

"Napenda tu kujua."

"Simama usome hapo." Akaweka kidole kitabuni. Ilikuwa habari fupi ya mtu anayeuliza njia ya kwenda posta. Niliifundisha wiki iliyopita, naijua kwa kichwa.

Nikasimama kusoma vibaya. Wasomaji wangu, kusoma vibaya kitu unachokijua ni kazi ngumu, na mimi sikuwa nimeifanyia mazoezi. Nilijikwaa neno la kwanza, nikarudi, nikalivunja la pili. Nikalisoma jina la posta kama mtu aliyepigwa mdomoni. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Niliona wanafunzi wangu wakiinamisha vichwa, na nikajua hawaoni haya kwa ajili yao, wanaona haya kwa ajili yangu. Siku zote niliwaambia msiogope kukosea. Sasa nilikuwa nakosea kwa kuogopa.

"Endelea," afisa alisema.

Sikuweza. Sauti iligoma kwelikweli, haikuwa kuigiza tena.

Ndipo Bibi wa Cherehani aliposimama bila kuambiwa.

"Afande, huyu mgeni bado," akasema. "Ngoja nimsaidie."

Akachukua kitabu. Akasoma mstari wa kwanza. Nikangoja sauti ikauke, haikukauka. Akasoma wa pili. Akamsoma yule mtu akiuliza njia, akamsoma polisi akimjibu, akabadilisha sauti ya polisi ikawa nzito. Akashuka mpaka chini ya ukurasa, hakuruka neno hata moja, hakukosea hata moja. Akafunga kitabu.

Mimi nilisahau. Nawaambia kweli, nilisahau afisa, nilisahau pasi, nilisahau Ijumaa. Nilimwona Bibi tu, na mjukuu wake kwenye simu. Furaha ilinijaa kifua kizima, na mdomo ukafanya ulichozoea kufanya kila siku mwanafunzi akisoma vizuri. Nikamwambia kwa Kiingereza kilichonyooka, kwa sauti inayofika ukutani, kwamba amesoma vizuri sana, na sasa akae, na darasa limpongeze.

Na darasa, wapenzi wangu, likampongeza. Nilikuwa nimewafundisha makofi ya kwetu shuleni, matatu ya haraka halafu moja zito. Darasa zima likayapiga kwa pamoja, bila hata mmoja kuchelewa. Mpwa naye akayapiga.

Kofi la mwisho likalia.

Afisa alivua miwani. "Njoo mbele, Mwalimu," akasema, na hakuwa akimtazama Mpwa.

Bibi akanishika mkono. "Nimekuponza," akanong'ona. Nikamwambia hapana, umesoma vizuri. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

Mkurugenzi aliingia wakati huo, amejipaka tabasamu. "Kuna nini, afande? Mngepitia kwangu kwanza, tungekaribishana vizuri."

"Huyu ni mwalimu wako?"

Nilijua atasema hapana. Atanikana, nitabebwa, basi. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia dada.

"Ndiyo," Mkurugenzi akasema. "Ni mwalimu wangu. Na ana kibali."

Nilitaka kukaa chini.

"Kibali kiko wapi?"

"Ngoja nikuletee pasi yake."

Akaenda, akarudi, na mkononi ana pasi yangu, ile ile, yenye kona iliyotafunwa na mtoto wa dada. Akamkabidhi afisa. Afisa akafungua kurasa taratibu, akafika mahali akasimama. Nilinyoosha shingo. Kulikuwa na muhuri mkubwa wa buluu, kibali cha kazi, mwaka mzima, na sahihi chini yake.

Nikajiona mjinga. Miezi yote hii namlaani huyu mama, kumbe kibali kilikuwa kimetoka. Kwa nini hakuniambia? Kwa nini alituacha tuimbe herufi? Lakini maswali yangeweza kungoja. Nilikuwa halali. Nilikuwa mtu halali darasani kwangu, na nilihisi machozi yananijia.

"Mtu mwenye kibali," afisa akauliza, "anajificha nyuma ya dawati kwa nini?"

"Wageni, afande," Mkurugenzi akasema. "Uoga tu."

Afisa akavaa miwani tena. Akasogea dirishani kwenye mwanga, akaitazama pasi kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na uso mwingine.

"Sahihi hii ni yangu," akasema.

"Si unaona," Mkurugenzi akasema.

"Ni yangu, lakini sikuiweka mimi. Vibali vyote vya walimu vinapita mezani kwangu, na huyu mwalimu simjui." Akanigeukia. "Nani amekupigia muhuri huu?"

Sasa mnielewe. Mtu anayefundisha bila kibali anafukuzwa. Mtu mwenye muhuri wa kughushi anafungwa. Nilikuwa nimeamka na kosa dogo, na sasa nilikuwa nimesimama mbele ya ubao wangu na kosa kubwa, lenye jina langu na picha yangu ninayocheka.

"Sijui, afande. Pasi anayo yeye tangu nilipofika."

"Jamani," Mkurugenzi akasema, na sauti haikupanda hata kidogo. "Aliniletea leo asubuhi nimtunzie. Kibali aliniambia amejitafutia kwa watu wake. Mimi ningejuaje?"

"Uongo huo."

"Hukuja ofisini kwangu leo asubuhi, mpenzi?"

"Nilikuja kuiomba."

"Kuiomba, au kuileta?" afisa akauliza.

"Kuiomba. Haiachii pasi ya mtu, afande. Zipo droo moja zote, yangu na ya..."

Nikajikata. Ulimi niliuuma kwelikweli. Mzee wa Sarufi alikuwa amekaa pale pale, mdomo wazi kidogo, mkono kisogoni. Nikimtaja, nimemuuza. Atafukuzwa naye, aende kwenye nyumba waliyogawana watoto wake. Nikakumbuka chupa ya chai.

"Yako na ya nani?" afisa akauliza.

"Yangu tu."

Lakini macho yalikuwa yameshanisaliti, maana yalikwenda kwake. Afisa aliyafuata.

"Mzee. Unajua nini kuhusu pasi hii?"

Mzee akasimama polepole. Mkurugenzi alimtazama tu na kutabasamu, kama anavyotabasamu akisema kibali kiko njiani. Moyoni nilimwambia Mzee: sema hujui. Ukisema hujui, inatosha, sikudai zaidi.

"Mimi ni mwanafunzi tu, afande," akasema. "Lakini asubuhi nilimwona koridoni. Alikuwa anaingia ofisini kwa Mkurugenzi, na pasi ameishika mkononi."

Darasa zima liliguna. Bibi wa Cherehani akasema, "Mzee, kweli?" Mzee hakunitazama. Akakaa, akafungua daftari la mtu mwingine.

Niliwahi kuibiwa, niliwahi kuachwa, lakini sikuwahi kuumia kama nilivyoumia pale. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilimwelewa. Wiki hii yake ilikuwa imefika, na bei yake ilikuwa mimi.

Yule afisa mnene akasogea kutoka mlangoni na kunishika mkono wa juu. Afisa mkubwa akaiweka pasi yangu mfukoni mwake.

"Tunakwenda ofisini," akaniambia. "Ukishaandikishwa kule, nitakachoweza kubadilisha ni kidogo. Kwa hiyo kama una la kusema, liseme hapa, mbele ya watu hawa. Huna?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa sentensi moja: huyu mzee si mwanafunzi, muulizeni pasi yake iko wapi. Droo ingefunguliwa, pasi ya Mzee ingekutwa imelala pale pale ilipotolewa yangu, na uongo wa Mkurugenzi ungekufa pale pale. Na Mzee wa Sarufi angetoka nami mlango ule ule, akiwa amefungwa pingu.

Mzee akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa analia.

Nikafungua mdomo.